Mwanzo Hauna Shahidi

Vitabu vinavyosimulia chanzo cha ulimwengu vina jambo moja la ajabu: vinaeleza mambo ambayo hakuna binadamu aliyekuwepo kuyaona. Mwandishi wa Kitabu cha Mwanzo hakuwepo siku nuru ilipoitwa. Wazee wa Kikuyu waliosimulia habari za Gikuyu na Mumbi hawakusimama na baba yao juu ya Kirinyaga alipokuwa akionyeshwa nchi. Ayubu, alipozidi kudai sababu ya mateso yake, aliulizwa alikuwa wapi misingi ya dunia ilipowekwa, na nyota za asubuhi zilipoimba pamoja. Hakuwa na la kujibu.

Jambo hili limenikaa moyoni kwa sababu ya kitabu kimoja kigumu ninachokisoma polepole hapa Ruanda, wilayani Mbozi, jioni, kazi za shamba la kahawa zikiisha. Kinaitwa The Silmarillion, nacho ni cha J.R.R. Tolkien, Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, Januari 1892, akaondoka barani akiwa mtoto wa miaka mitatu. Dunia inamjua kwa The Hobbit cha mwaka 1937 na The Lord of the Rings kilichotoka mwaka 1954 na 1955. Lakini kitabu alichokibeba moyoni tangu ujana wake hadi uzee ni hiki. Alianza kuandika hadithi zake wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akawa anazifumua na kuzifuma upya, hadi alipofariki Septemba 1973 bila kuzimaliza. Mwanawe Christopher, akisaidiwa na Guy Gavriel Kay, alizipanga akazichapisha mwaka 1977.

Mimi si mtaalamu wa Tolkien. Nilimfahamu kwanza kwenye kibanda umiza, pale ambapo filamu huonyeshwa kwa bei ya soda na mtafsiri huisimulia kwa Kiswahili huku akiongeza chumvi yake. Nilipenda mapanga, farasi na pete. Baadaye nikataka kujua watu wa filamu zile wametoka wapi, na nani aliwafundisha kuimba kwa huzuni namna ile. Kitabu nilikipata Mbeya kwa muuza vitabu vya mitumba, kikiwa kwa Kiingereza kizito chenye harufu ya Biblia ya zamani.

Wasomaji wengi wa kawaida kama mimi hukiweka chini kitabu hiki mapema, na sababu yao kubwa ni majina. Kuna Finwë na wanawe Fëanor, Fingolfin na Finarfin. Kuna Fingon mwana wa Fingolfin, na Finrod mwana wa Finarfin. Mtu mmoja ana majina matatu, mlima mmoja una majina mawili, na nyuma ya kitabu ipo faharasa ndefu ya majina kama daftari la mahudhurio. Msomaji aliyezoea riwaya hutafuta mtu mmoja wa kumshika mkono tangu mwanzo hadi mwisho, hampati. Mashujaa wanazaliwa, wanaapa, wanakufa, na simulizi inawaacha nyuma bila kugeuka.

Hata hivyo nimebaki nacho. Naamini mtu asiyejua mengi ana mahali pake halali mbele ya hadithi ya mwanzo, pengine kuliko mjuzi. Mjuzi anaweza kusahau kwamba naye hakuwepo. Sisi wengine hatuna nafasi ya kusahau.

Sura ya kwanza ni fupi, na kwangu ingetosha kuwa kitabu kizima. Inasimulia kwamba palikuwepo Mmoja, Eru, aitwaye pia Ilúvatar. Kabla ya kitu chochote aliwaumba Ainur, roho takatifu, akawapa maudhui ya kuimba. Mwanzoni kila mmoja aliimba peke yake, au wachache wachache, wengine wakisikiliza, maana kila mmoja alielewa tu ile sehemu ya mawazo ya Ilúvatar aliyotoka ndani yake. Kwa kusikilizana wakaanza kuelewana. Kisha akawaagiza waimbe wote pamoja wimbo mmoja mkuu.

Aliyewahi kukaa katika kwaya ya kanisa anaijua safari hiyo. Jioni za mazoezi, sauti ya kwanza hukaa upande wake, besi upande wake, kila kundi likirudia mstari wake hadi liuchoke. Ukisikiliza besi peke yake unaweza kudhani wimbo hauna utamu. Mwalimu wa kwaya huwaunganisha mwishoni, na ndipo mwimbaji hugundua kwamba ile sauti yake, aliyoiona kavu, ilikuwa inashikilia sauti ya mwenzake isianguke.

Katika wimbo ule, mmoja wa Ainur, Melkor, aliyepewa vipawa kuliko wenzake wote, alitaka kuikuza sauti yake. Akaingiza mambo yake. Waliokuwa karibu naye wakapoteza mwelekeo, wengine wakanyamaza, wengine wakaanza kumfuata yeye. Ilúvatar alisimama akatabasamu, akanyanyua mkono na kuanzisha maudhui mapya. Melkor akayashambulia hayo pia. Ilúvatar akasimama mara ya pili, safari hii uso wake ukiwa mkali, yakaja maudhui ya tatu: laini, mapana, yenye huzuni isiyopimika, na uzuri wake ulitoka hasa katika huzuni hiyo. Sauti ya Melkor ilikuwa ya kelele, ikirudia rudia noti chache kama tarumbeta nyingi zinazopigwa kwa pamoja. Sisi wa Kanisa la Moravian, tunaopenda tarumbeta kama tunavyozipenda, tunalazimika kutabasamu hapo. Lakini mwandishi anasema jambo zito: zile noti za Melkor zilizojaa ushindi kuliko zote, wimbo ule mwingine ulizichukua, ukazisuka ndani ya mpangilio wake wenyewe.

Ni rahisi kulichukua neno hili vibaya. Mtu anaweza kumwendea mama aliyemzika mtoto akamwambia asilie, maana huzuni ni sehemu ya wimbo. Hayo ni maneno ya mtu asiye na masikio. Katika kitabu hakuna mahali popote Melkor anapoambiwa kwamba alifanya vema. Uovu wake unabaki uovu, na machozi yanayotokana nao yanahesabiwa machozi. Kinachosemwa ni kwamba hana uwezo wa kuimba noti itakayomshinda Yule aliyempa sauti. Hayo ni mambo mawili tofauti, na imani nyingi zimejeruhi watu kwa kuyachanganya.

Mfano ambao mwandishi anautoa ni mdogo na wa ajabu. Ulmo, bwana wa maji, anaonyeshwa jinsi Melkor alivyokusudia kuyaharibu maji kwa baridi kali na kwa joto lisilo na kiasi. Kutokana na ile baridi vikatokea theluji na umande ulioganda. Kutokana na lile joto vikatokea mawingu na mvua. Nikiusoma ukurasa huo mwezi Juni au Julai, baridi ya Mbozi ikiwa imewafungia watu wote ndani ya makoti, siwezi kuupita haraka. Halafu Novemba inakuja, mawingu yanapanda, na mahindi ya wilaya nzima yanasubiri kitu ambacho, kwa hadithi hii, kilianzia kwenye nia mbaya kikageuzwa kuwa riziki.

Baada ya wimbo, Ilúvatar anawaonyesha waimbaji maono ya kile walichokiimba, kisha anaamuru kiwe kweli. Tolkien alikuwa Mkatoliki wa kumaanisha, na alijua vema kwamba alikuwa akitunga hadithi, hakuwa akiandika ufunuo. Mimi pia sikisomi kitabu chake kama Maandiko. Lakini kuna mambo ya Maandiko ambayo nimeyazoea hadi nimeacha kuyasikia, na hadithi ya mgeni imenirudishia usikivu. Zile nyota za Ayubu nilizisoma tangu utotoni bila kujiuliza ziliimba nini. Sasa najiuliza.

Kuna sura nyingine ninayoirudia, fupi nayo. Inamhusu Aulë, mhunzi wa ulimwengu, bwana wa mawe na madini. Alitamani mno kuwa na wanafunzi wa kuwafundisha ujuzi wake, akashindwa kungoja watoto ambao Ilúvatar alikuwa amewakusudia, yaani Waelfi na wanadamu. Kwa siri, chini ya mlima, akawaunda baba saba wa jamii ya wale mafundi wafupi, jamaa zake Gimli tuliyemwona kwenye filamu. Ilúvatar akamsemesha papo hapo: viumbe hawa hawana uhai wao wenyewe, watakwenda tu pale wewe unapofikiri waende. Aulë hakujitetea sana. Alisema alitenda kama mtoto anayeiga kazi ya baba yake bila kumdhihaki. Kisha, akilia, akainua nyundo kubwa awaponde. Wale saba wakajikunyata, wakainamisha vichwa, wakaomba rehema. Ilúvatar akamzuia, akamwonyesha kwamba wasingeweza kuogopa kama hawakuwa tayari wamepewa uhai wao wenyewe.

Nchi hii ya Wanyiha iliwahi kuwa nchi ya wahunzi. Babu zetu waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, wakafua majembe na mikuki, na kazi hiyo ilikuwa na miiko yake, kwa sababu kukifanya kitu kigumu kiwe kiowevu na kisha kiwe kitu kipya hakukuonekana kuwa jambo la mtu wa kawaida. Nadhani wao wangemwelewa Aulë upesi kuliko maprofesa. Wangeijua tamaa ya kuumba. Wangeijua pia hofu ya kusimama na nyundo mbele ya kazi ya mikono yako. Kwangu sura hii inahusu sala. Mtu analeta mbele za Mungu kitu alichokifanya bila kuruhusiwa, yuko tayari kukivunja, na anakuta kwamba kimekwisha kupewa pumzi. Sijui namna nyingine nzuri zaidi ya kuieleza neema.

Yale majina nayo sasa nayatazama kwa jicho jingine. Tolkien alikuwa vitani Somme, Ufaransa, mwaka 1916. Wawili kati ya marafiki zake wa karibu walikufa mwaka huo huo. Yeye aliugua homa iliyoenezwa na chawa wa mahandakini, akarudishwa Uingereza, na katika kipindi hicho cha kuugua na kupona ndipo hadithi za kwanza za kitabu hiki zilipoandikwa. Mwaka huo huo, mwezi Mei, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia huku kwetu kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na vita vya Ulaya vikawa vita vya watu wa Rungwe na Mbozi. Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alipita pande hizi, akashambulia Fife, ng'ambo tu ya Tunduma, kabla ya kuweka silaha chini Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 mwezi huo.

Mizigo ya majeshi yale ilibebwa vichwani na Waafrika. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vya Afrika Mashariki, kwa njaa, kuhara na uchovu, na wengi wao hawana kaburi wala jina lililoandikwa popote. Kila ninapochoka na faharasa ya Tolkien nawakumbuka hao. Mtu aliyewaona wenzake wakifa kwa wingi alikaa akatunga ulimwengu ambamo karibu kila anayeanguka ana jina, jina la baba yake, na jina la mahali alipoangukia. Mimi sina uwezo wa kuyakumbuka yote, wala sidhani kwamba natakiwa. Inatosha kujua kwamba yapo mahali yameandikwa. Hilo ndilo tunalolitumaini kwa wapagazi wale pia: kwamba iko faharasa ambayo si sisi tunaoitunza.

Kuhusu kifo, kitabu kinasema jambo ambalo bado nabishana nalo. Waelfi hawafi kwa uzee. Wamefungwa na dunia hii hadi mwisho wake, na kwa sababu hiyo wanachoka nayo. Wanadamu wanakufa na kuondoka, hakuna ajuaye wanakokwenda, na kuondoka huko kunaitwa zawadi ya Ilúvatar. Melkor ndiye aliyetia kivuli chake juu ya zawadi hiyo hadi watu wakaiogopa. Watu wa kisiwa cha Númenor, waliobarikiwa kuliko wanadamu wengine, waliikataa. Mfalme wao wa mwisho, akidanganywa na Sauron, mtumishi wa Melkor, alipeleka merikebu za vita kwenda kunyakua uzima usio na mwisho. Kisiwa kikazama chote.

Sisi tulisimuliwa kwa namna nyingine. Katika jamii nyingi za Kibantu, Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu kwamba hawatakufa. Kinyonga akaenda kwa mwendo wake, akasita njiani, na mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Neno la kwanza kufika likawa ndilo. Katika hadithi hiyo kifo ni ujumbe uliofika mapema kuliko ule mwema. Nikiziweka hadithi hizi mbili pamoja, ile ya kinyonga naiona ya kweli zaidi kwa aliyefiwa jana, kwa kuwa haimwombi ashukuru. Ile ya Tolkien naiona ya kweli kwa mzee aliyeshiba siku, anayeomba wajukuu wasimsumbue na dripu nyingine. Sihitaji kuchagua. Alfajiri ya Pasaka sisi Wamoraviani twaenda makaburini kabla jua halijachomoza, kama walivyoanza wenzetu wa Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Tunasimama kati ya makaburi tukiimba, na nafasi ipo kwa wote wawili: anayelia na anayeshukuru.

Si mbali sana na hapa, katika kijiji cha Ndolezi, liko jiwe ambalo kila mtoto wa Mbozi hupelekwa kuliona: Kimondo. Ni bonge la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, karibu asilimia 90 yake ikiwa chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Wenyeji walilijua tangu zamani. Wanasayansi walilijua mwaka 1930, baada ya mpima ardhi W.H. Nott kulikuta. Hakuna shimo linaloonyesha lilivyotua, kwa sababu lilianguka maelfu ya miaka iliyopita na mvua zimekwisha kulisawazisha. Wazee niliowauliza hawana simulizi ya usiku au mchana huo. Lilikuwepo tu, kama Ayubu alivyoikuta dunia ipo.

Tolkien naye ana chuma cha mbinguni. Eöl, mhunzi wa giza, alifua upanga kwa chuma cha nyota iliyoanguka ikiwaka, na upanga huo ukapita mikononi mwa watu hadi ukamfikia shujaa Túrin. Kwa upanga huo Túrin alimuua gizani rafiki yake Beleg bila kumtambua. Kwa upanga huo huo alijiua. Kutoka juu hakukukifanya chuma hicho kuwa kitakatifu. Nami nalisoma hilo kama onyo kwa sisi watu wa dini, ambao huwa wepesi kudhani kwamba kila kilichoshuka kutoka mbinguni ni salama mikononi mwetu. Pale Ndolezi, udongo umechimbwa pande zote na jiwe limewekewa msingi wa zege. Watu hulizunguka, huligusa, hupiga picha, wanarudi nyumbani. Hawajui lilitoka wapi wala lilizunguka gizani miaka mingapi kabla ya kutua kwetu. Hakuna anayezuiwa kuligusa kwa sababu hiyo.

Kanisa langu linanipa mfano wa kusoma vitabu vya namna hii. Tangu mwaka 1731 Wamoraviani wa Herrnhut huchapisha kitabu kidogo chenye neno la Biblia kwa kila siku ya mwaka, likiwa limechaguliwa kwa kura. Asubuhi unapewa mstari mmoja, pengine kutoka kwa nabii ambaye hujui aliishi lini wala alikuwa akimkemea mfalme gani. Unaondoka nao kwenda shambani au dukani. Bibi zetu walilelewa hivyo. Wengi wao hawakuwahi kusoma vitabu vyote 66, wala kuweza kupanga wafalme wa Yuda kwa zamu zao. Walipewa kipande, wakakitii, na kipande kikawafikisha uzeeni wakiwa watu wa kuaminika. Sijawahi kusikia mtu akisema kwamba imani yao ilikuwa ya juu juu.

Ndiyo maana napingana na wale wanaosema kwamba kitabu kama The Silmarillion ni cha wajuzi tu, na pia na wale wanaokiacha kwa kuona haya. Hadithi za mwanzo hazikutolewa ili tuzimiliki. Kila aliyewahi kuzipokea alizipokea kwa mkono wa mtu ambaye naye hakuwepo, akaelewa sehemu yake, akamwachia mwingine sehemu nyingine, kama wale Ainur kabla ya wimbo mkuu, ambao kila mmoja alijua tu ile sehemu aliyotoka ndani yake. Kuelewa sehemu si aibu ya msomaji. Ndiyo hali ya kiumbe.

Basi, ndugu msomaji, kama unacho nyumbani kitabu kilichokushinda, kiwe cha Tolkien, kiwe Nagona cha Kezilahabi, kiwe kile cha Mambo ya Walawi, kichukue tena. Soma ukurasa mmoja kwa siku. Majina yakikupita, yaache yapite, yatarudi yakikuhitaji. Usimwombe mtu akufupishie. Ukifika mahali ambapo moyo umesimama, simama nao hapo hata kama ni mwezi mzima, kisha umsimulie mtoto au jirani kile ulichokielewa, kwa Kiswahili chako, pamoja na chumvi yako. Hadithi zote za mwanzo tulizonazo zilitufikia kwa njia hiyo.